Chuma Kilichozama Katika Mpunga Wetu

Mpaka leo, mguu wangu ukichomoka topeni na ile sauti ya kunyonya, moyo wangu hushtuka. Ndivyo kilivyolia kile chuma kilipokuwa kikivutwa kutoka kwenye udongo wa shamba letu, bondeni, si mbali na Ifakara.

Nilikuwa binti mdogo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, ila njaa ilibaki nasi. Askari walikuwa wamechoma maghala, tukawa tunakula mizizi ya porini iliyonuka uchungu hata kabla ya kuiva. Tumaini letu lilikuwa kijishamba kimoja cha mpunga, kilichopandwa kwa mbegu ambazo Mama alizificha ndani ya kibuyu. Masuke yalikuwa yameanza kutoka.

Ndipo akaja Mjerumani mmoja wa kupima barabara, pamoja na mkalimani na wapagazi waliobeba chuma kirefu chenye mpini juu. Walikisimamisha katikati ya mpunga, wakawa wanakiongezea vipande vizito juu yake, Mjerumani akitazama kinazama kiasi gani.

"Wanatafuta nini, Baba?" nilinong'ona.

"Wanapima nguvu ya udongo. Ukiwa mgumu, barabara itapita hapa. Ukiwa laini, watakwenda kwingine."

Basi nikaomba ulegee kama uji. Na kweli, kipande cha kwanza tu, chuma kikazama. Mpagazi mmoja naye akazama hadi mapajani, wenzake wakamng'oa kama muhogo huku wakicheka. Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Ilikuwa furaha.

Mjerumani hakucheka. Alijaribu huku na kule, kote kukawa vilevile. Akasema maneno machache, mkalimani akamgeukia Baba.

"Udongo wenu haufai. Utachimbwa wote, pajazwe mawe. Wewe na wenzako mtayabeba kutoka mlimani."

"Na mpunga, bwana?"

"Mpunga upi?" aliuliza, naye amesimama ndani yake.

Baba alishika suke moja, akaliachia.

Walimchukua siku ileile. Mimi na Mama tulivuna tulichoweza kabla ya majembe kufika. Punje zilikuwa bado maji meupe tu. Nilimwona Baba mara moja tena, akipita na jiwe begani, amekonda hata sikumtambua mpaka Mama alipoanza kulia. Aliyetuletea habari ya kifo chake hakujua amezikwa wapi. Masika yakaja, mto ukafurika, mawe yote yakamezwa na tope, na barabara ikahamishiwa kwingine.

Kwa miaka mingi nilijiuliza ingekuwaje kama udongo ule ungekuwa mgumu. Nilipokua ndipo nilipoelewa. Baba alidhani chuma kile kinauliza kama barabara ipite kwetu au isipite. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Kilichokuwa kikipimwa ni watu wangapi watahitajika.