Nimeondolewa kundini kwa sababu ya nafsi

Leo asubuhi nimeondolewa kwenye kundi letu la sala la simuni.

Tangu mke wangu afariki, salamu za kundi hilo ndizo pekee ninazopata hapa Nyasura kabla ya chai.

Msimamizi wetu, kijana wa Musoma, aliuliza: "Wapendwa, nafsi ni nini?"

Mmoja akaandika kwamba ni roho. Mwingine akasema ni pumzi tu.

Mimi nimefundisha sarufi miaka mingi, nikaandika hivi:

"Nafsi ya kwanza ni anayesema. Ya pili ni anayesemeshwa. Ya tatu ni anayesemwa akiwa hayupo. Je, mtu asiyesemeshwa na yeyote, nafsi yake ni ipi?"

Lilikuwa swali la dhati.

Mama mmoja akatania, "Mwalimu analeta ngeli kwenye maombi." Wakacheka.

Msimamizi hakucheka. "Mzee, hapa si darasani. Unapotosha watu."

Kisha akaniondoa. Sasa ninaweza kusoma ya zamani, lakini pa kuandika hapapo.

Mchana akanipigia Mama Nyangeta wa Mugeta, ambaye bado yumo kundini.

"Mwalimu, wanakusemaga huku. Eti umeanza kuchanganyikiwa."

"Wanakusemaga" si Kiswahili sanifu, ndugu zangu.

Sikumsahihisha. Niliogopa angekata simu.

Ninyi mnaosoma hapa, msiniwekee kidole gumba. Niandikieni sentensi moja, hata kama ina makosa.