Duara Jekundu Barazani kwa Mama

Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza nilipanda kwa mama, mlimani juu ya Bigwa, kule ambako njia ya magari inaisha na watu wanaendelea kwa miguu. Mume wangu alibaki mjini kazini, akawa anakuja Jumamosi. Tangu baba afariki mama alikuwa anaishi peke yake na bustani yake ya kabichi na karoti, na alifurahi kupata tena watu wa kupikia.

Nilipanda na utafiti ndani ya simu. Kliniki walikuwa wamenieleza kwamba watafiti wanataka kujua akina mama wenye vichanga wanakuwa macho kiasi gani wakiwa majumbani mwao, siyo hospitalini mbele ya daktari. Nikakubali, nikawekewa programu. Asubuhi na jioni nikae mahali palepale, simu mezani, nitumie kidole kilekile. Kioo kinakuwa kijivu kitupu. Baada ya muda usioweza kuukisia, duara jekundu linatokea. Ukiliona tu, uliguse. Namba ndogo inakuonyesha umechelewa kiasi gani, kisha kijivu kinarudi. Ukigusa kabla halijatokea, umekosea. Dakika chache tu, basi.

Mtafiti aliyekuwa ananifuatilia ni dada mmoja ambaye mpaka leo sijawahi kumwona. Aliniuliza simu yangu ni ya aina gani, maana zipo zinazochelewa zenyewe, akanisihi nisiazime ya mtu mwingine. Kuhusu mtandao alisema nisijali, majibu yatasubiri ndani ya simu mpaka nipite penye mtandao. Kwetu penyewe ni pale kwenye kona ya kigango, lile kanisa dogo la kijijini.

Asubuhi za mlimani huko zilikuwa nyeupe. Ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, ukaingia barazani, nami nikakaa kwenye stuli mbele ya kile kijivu kidogo, nikiwa nimezungukwa na kijivu kikubwa. Mtoto alikuwa ananiamsha kila mara, na usingizi ulikuwa umenijaa hadi kwenye vidole. Nilisikia maji ya kijito, nikasikia mama anapuliza moto jikoni, halafu sauti zote mbili zikawa moja.

Asubuhi moja baba alitokea kwenye ukungu. Alikuwa na jembe begani, suruali imelowa magotini. Akaniuliza kwa nini nakaa kwenye baridi, nikamwambia nasubiri kitu. Akaweka jembe, akachukua kopo la maji, akaanza kunawa miguu taratibu kama alivyozoea, kidole kwa kidole, maji yakielekea uani. Nilikuwa na muda wa kutosha kumtazama. Nilipozinduka duara lilikuwa limeshatokea, linanisubiri. Niligusa, na namba ikasema nilichelewa sekunde kadhaa tu. Huko kunawa kote kulikuwa kumeenea humo.

Tangu siku hiyo, ikawa sisubiri duara peke yake. Siku nyingine alipita upande wa bustani bila kugeuka. Siku nyingi hakuja kabisa. Mama aliniona ninavyokitazama kioo, akaniuliza natafuta nini mle. Nikamweleza kwamba baba amepita. Mama aliendelea kumenya mihogo, na nilidhani hajanisikia.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza baadaye.

"Lile sweta la kijani."

"Nililigawa," alisema mama. "Msiba ulipoisha tu."

Akachukua muhogo mwingine, wala hakunikataza.

Siku chache baadaye niliamka nikakuta jua liko mlangoni. Nilishtuka nikampapasa mtoto, hakuwepo. Alikuwa mgongoni kwa mama, bustanini, amelala. Nilijua nimekosa kipimo cha asubuhi, lakini nilipofungua programu ilionyesha kimefanyika. Nikaiacha hivyo, nikadhani nilikifanya nikiwa nusu ndotoni. Sikuwa na uhakika na mambo mengi siku hizo.

Jioni nilikwenda kigangoni na mama, majibu yakaenda, na tukiwa bado pale simu iliita. Yule dada mtafiti alikuwa na wasiwasi. Alisema asubuhi ile nimechelewa kugusa kuliko siku zote. Akataka kujua kama nina homa, kama nasikia kizunguzungu, na nani ananisaidia kumbeba mtoto. Nilikuwa nimeweka spika, na mama alikuwa anasikia yote. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

Alipokea shikamoo yake, kisha akamwambia, "Nilibonyeza mimi. Nimemkuta mwanangu amelala vizuri, mara ya kwanza tangu aje. Ningemwamsha ili mumpime kama yuko macho?"

Nikamsikia yule dada akicheka kwa sauti ya chini. Alieleza kwa upole kwamba kipimo hicho itabidi akitoe kwenye utafiti. Akauliza nimelala mpaka saa ngapi. Mama akamwambia mpaka jua lilipofika mlangoni, na dada akasema hilo ataliandika. Wakakubaliana wao wawili, mimi nikiwa nimesimama pembeni, kwamba mama awe anamchukua mtoto alfajiri akishanyonya, na kipimo kisogezwe mpaka nitakapoamka.

Nikaanza kulala. Namba zikawa ndogo, na duara likawa likitokea tu kidole changu kimeshafika. Ilinichukua muda kugundua kwamba baba haji tena. Siku niliyogundua niliweka simu chini na kulia kidogo, kisha nikaenda kumsaidia mama kung'oa karoti. Alinisogezea ndoo.

Utafiti ulipofikia mwisho yule dada alinipigia kunishukuru na akaomba nimsalimie mama. Wiki ileile tulishuka mjini, mtoto mgongoni kwangu, mama mbele na tenga kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa inateleza. Nilikuwa naona kila kokoto, kila mzizi uliojitokeza, hata siafu waliokuwa wanavuka. Na kila mama alipoyumba kidogo, mkono wangu ulikuwa umeshamfikia.