Kompaila Ndogo ya Merrin

Noeline aliijua hali ya bintiye kwa kusikia tu. Merrin akikwaruza meza kwa kucha, mambo yamekwama. Akiimba puani, kuna jambo limemvutia. Jumamosi hiyo asubuhi, kwenye gereji yao ya Ballarat, zilisikika kucha.

Mchana wenzake Merrin wa kazi wangepiga kura. Walikuwa watu wachache, wa Perth, Hobart na Wellington, waliotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta usio na mwenyewe: yeyote anausoma, yeyote anaurekebisha. Waliuandika kwa lugha ya C, na sasa walikuwa wakichagua kompaila mpya, ile programu inayogeuza maandishi yao kuwa amri za mashine. Wengi waliitaka moja kubwa, yenye mbio. Lakini haikuenea kwenye mashine kongwe ya Merrin, na kwao mashine isiyoweza kujijengea mfumo wake yenyewe hufutwa kwenye orodha ya zinazohudumiwa. Kuazima nguvu za mashine nyingine ni mwiko. Kazi ya Merrin ya miaka yote, ya kuufanya mfumo huo ukubali mashine za aina hiyo, ingekwenda na maji. Ndipo akaleta kompaila ndogo, aijaribu mbele yao.

"Mama, usisimame mlangoni kama polisi."

"Nimekuletea mkate. Hujala."

Sauti ya Tavita wa Wellington ikatoka kwenye spika. "Dada, kikongwe chako bado kinapumua?"

"Kinakushinda wewe ukipanda ngazi."

"Haya, tuone. La sivyo tunakizika leo, na mahubiri nitatoa mimi."

Jaribio lilikuwa hivi: kompaila ya zamani waliyokuwa wakiitumia inaizaa hii ndogo mpya, yaani inayageuza maandishi yake kuwa programu, mpya inajizaa, na aliyezaliwa naye anajizaa tena. Wawili wa mwisho lazima wafanane kabisa.

Hawakufanana.

"Pole, dada," Tavita alisema taratibu. "Niandike imeshindwa?"

Noeline alitaka kumkumbatia mwanawe, lakini Merrin alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta.

"Ngoja. Mbona wamepishana mahali pamoja tu? Ingekuwa mbovu, wangepishana kila mahali."

Akaanza kuimba puani. Akawaweka wawili hao ubavu kwa ubavu, akasoma, kisha akacheka.

"Mjinga ni mimi. Nimeiacha ibandike saa ya kuzaliwa. Mama, watafananaje hawa, kila mmoja ana saa yake?"

Akaiondoa ile saa, akaanza upya. Mashine kongwe ilinguruma polepole, na Noeline hakuthubutu kurudi ndani. Safari hii walifanana.

Kura ilipopigwa, ndogo ilishinda kwa kura moja. Tavita aliipigia kubwa, wala hakuficha.

"Itatuchelewesha hii, na lawama zote zako."

"Nilaumu. Halafu unisaidie kuiongezea mwendo."

"Nitumie basi, niione tumboni."

Noeline alikuwa bado amesimama. "Merrin, hiyo ya zamani iliyomzaa huyu mpya. Nayo ilizaliwa na nani?"

Merrin aligeuka akamtazama mama yake, kisha akamvutia kiti.