Kichwa cha Mkulo, Alumini na Risasi

Kazi yangu ni useremala. Baba alinifundisha, na alipoacha kuona vizuri akaniachia karakana yake mjini Lushoto, chini kidogo ya soko. Natengeneza milango, vitanda, madawati. Kwa hiyo siku mama mmoja alipoingia na kitu kirefu kilichofungwa kwa khanga, nilidhani ameniletea mguu wa kitanda uliovunjika.

Nilimwamkia. Nilimfahamu kwa sura, maana tunasali kanisa moja. Alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa upande wa Mponde.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akafungua ile khanga. "Unaweza kutengeneza kama hiki, ila kiwe chepesi?"

Ilikuwa fimbo ya gofu. Niliwahi kuziona kwenye televisheni tu. Mpini ulikuwa mwembamba, na mwisho wake kichwa cha chuma kitupu kilichoulemea mkono mara nilipokiinua.

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye viwanda vya chai, miaka mingi huko Bulwa, na mchezo huo aliupata kazini. Walipostaafu walijenga juu ya mji, na kwenye majani nyuma ya nyumba mzee akachimba mashimo matatu, akawa anacheza peke yake kila jioni. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea.

"Anakaa kitini tangu asubuhi anatazama ukungu," mama alisema. "Wamempa kampira ka kufinya, anakatupa. Hii fimbo aliishika mara moja, ikamvuta, akaanguka nayo. Nikamwokota kama mtoto."

Nilimwambia kweli, kwamba sijui chochote kuhusu gofu.

"Hata mimi sijui. Njoo umwone."

Mzee alikuwa mtu wa Tanga mjini, mrefu, na maneno yalimtoka polepole. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, kisha akamgeukia mkewe. "Nilikuomba uji, umeniletea seremala."

Hata hivyo nilipomuuliza fimbo inapaswa kufanya nini, alinijibu, na alinijibu kwa muda mrefu.

Kichwa cha kwanza nilikichonga chote kwa mti, kipande cha mkulo kutoka kwenye benchi la kanisa lililobomoka. Mkulo ni mwepesi na unanukia vizuri ukipitishwa randa. Nilikipiga msasa hadi kikang'aa, nikakitia kwenye mpini. Mzee alisimama, mkono wa kushoto ukiongoza, wa kulia ukiegemea tu. Akapiga. Mpira ulibingirika hatua chache ukalala kwenye majani.

"Hiki ni mwiko," alisema, akaketi.

Nikarudi karakana, nikatoboa tundu katikati ya kile kichwa, nikamimina risasi iliyoyeyushwa. Safari hii mpira uliruka, lakini pigo la tatu halikuukuta sawasawa. Kichwa kilijipinda, mpini ukazunguka ndani ya vidole vyake, akaachia kwa maumivu. Mkewe alimsugua kiganja. Mimi nilikwisha kuanza kutafuta maneno ya kukataa kazi.

Mzee ndiye aliyenizuia. Alimwomba mkewe viazi vinne na vijiti viwili. Katika kijiti kimoja alichomeka viazi viwili pamoja, katikati. Katika kingine aliweka kimoja kila mwisho.

"Shika katikati. Zungusha kwa vidole, huku na huku."

Nilizungusha. Cha kwanza kilizunguka bila kubisha. Cha pili kilikataa, nikalazimika kukaza mkono.

"Uzito ni ule ule," alisema. "Wewe umeuweka katikati. Uweke pembeni, kitaacha kujipinda."

Nilielewa, lakini nilijua pia kwamba mti hautakubali. Ukiuchimba kando zote mbili na kujaza risasi, unabaki na ukuta mwembamba, na ukuta huo utapasuka. Palihitajika chuma chepesi cha kubeba vyote. Nikaenda kwa jamaa anayeyeyusha alumini na kusubu sufuria kando ya njia ya Magamba.

"Kichwa cha nini?" aliniuliza.

"Cha fimbo ya kupigia mpira."

Alicheka, akaniambia nichonge mfano wa mti. Niliuchonga, akaukandamiza kwenye mchanga wake kupata kalibu, akayeyusha pistoni kuukuu, akamimina. Kilitoka kikombe cha alumini, kipana chini na wazi juu, kinachoparuza kama jiwe. Nilikipiga tupa siku nzima. Ndani yake, mwisho huu na mwisho ule, nilibana vipande vya risasi, vile ambavyo mafundi wa matairi hubandika kwenye rimu. Juu nikafunika kwa mkulo, nikaukaza kwa gundi na skrubu. Mbele, mahali panapokutana na mpira, nikaweka bamba la shaba nililolikata kwenye kitasa cha zamani.

Nilijivunia kazi ile. Kisha masika ikaingia.

Ukungu wa Lushoto unaingia kila mahali, hata kwenye sanduku la nguo. Mkulo ulivimba, alumini haikuvimba, na katikati ya ugomvi wao gundi ikaachia. Kifuniko kiliinuka, skrubu za shaba zikalegea. Mzee alipokitikisa, kililia kama njuga.

"Vitu hivi havikuzaliwa pamoja," alisema. Hakukasirika. Niliyekasirika ni mimi.

Nilichukua kipande kingine cha mkulo hadi kijijini Bungu, kwa mama yangu. Jikoni kwake, juu ya moto, kuna uchaga wa kuhifadhia mbegu za mahindi. Nilikiweka pale. Mama aliniuliza kwa Kishambaa kama sasa Lushoto tunakula miti. Kilikaa hadi kikawa cheusi na chepesi, na kilipogongwa kilitoa mlio mkavu. Nilipokifunga sikukibana tena na alumini moja kwa moja. Niliweka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli katikati, na matundu ya skrubu nikayachonga marefu kidogo, ili mti upate nafasi ya kuvimba na kunywea bila kumsukuma mwenzake.

Tulikijaribu asubuhi yenye manyunyu. Yule mama muuguzi alisimama karibu, mikono tayari kumdaka mumewe. Mzee alipanga miguu kwa muda mrefu. Akapiga. Mlio ulikuwa mfupi na safi, na mpira ukapita juu ya ua, ukaangukia kwenye kabichi za jirani.

Mzee alikuwa bado ameinua fimbo, na mashavu yake yalikuwa yamelowa, labda kwa mvua.

"Leta mwingine," alisema.

Alipiga hadi akachoka. Alipoketi, mama aliiokota fimbo, akaitazama, akasogea kwenye mpira uliobaki.

"Siyo hivyo," mzee alisema. "Shika chini kidogo. Usiukazie macho kama unamchoma mtu sindano."

Aliupiga. Ulikwenda mbali kuliko yote ya mumewe.

Walibishana juu ya pigo lile mwezi mzima. Mzee alidai ni upepo. Mama alisema upepo ulikuwa unatoka mbele. Mwishowe alikuja karakana peke yake akaagiza cha kwake, chenye uso mpana zaidi, na akaniomba nisimwambie mumewe mpaka kikamilike.

Mkono wa mzee haukurudi wote. Vifungo vya shati bado hufungiwa, na kikombe cha chai hukishika kwa kushoto. Lakini vidole vya kulia sasa vinaukamata mpini bila kuuachia. Yule fundi wa sufuria amenisubia vikombe vingine vinne, maana mwalimu mmoja mstaafu naye ameanza kwenda kucheza pale nyuma ya nyumba, na jirani ameinua ua wake kwa mabanzi.

Jumamosi iliyopita nilipita kukaza skrubu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alikuwa amesimama barazani, amejifunga blanketi, akitoa maelekezo kwa sauti, na mama alikuwa chini kwenye majani na mabuti yake ya shambani, hamsikilizi, anapanga miguu.