Kata Zilizopangwa Mchangani

Harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine ndiyo iliyokuwa inatangulia. Ilifika alasiri, mwezi wa Novemba, kutoka upande wa milima ya Iveti, ikaingia mlangoni wakati kwetu ardhi bado imekauka na kuku wanahema kwa joto. Baada ya harufu, milima iligeuka rangi ya masizi. Halafu ngurumo, mbali sana, kama mtu anayesukuma pipa tupu ndani ya ghala. Hapo ndipo mimi nilipokuwa naingia chini ya kitanda. Niliitwa Mumbua kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na nafikiri ile mara ya kwanza ilinitosha. Nyanya alifunika kioo kwa leso ili kisiite radi, nami nikatamani leso iwe kubwa zaidi, inifunike na mimi. Wenzangu walipenda kwenda mtoni na malishoni. Mimi nilijitolea kubaki nyumbani kuangalia muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, usiungue, na kusema kweli hata sasa nikialikwa mahali hutafuta kwanza kitu kilicho jikoni cha kunizuia.

Mto wenyewe mgeni asingeuita mto. Karibu mwaka mzima ulikuwa barabara pana ya mchanga, na maji yamelala chini yake. Wanawake walichimba mashimo, wakaketi kando, wakangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, kata moja ya kibuyu, halafu nyingine, mpaka mtungi ujae. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi. Sheria ya pale ilijulikana na kila mtu: ukiondoka kwenye shimo umepoteza zamu, unarudi nyuma ya foleni, hata kama ulikwenda tu kumkimbilia punda wako. Ubaya ni kwamba kingo za mto zilikuwa zimeinuka sana, na aliye chini hakuiona milima. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yalishuka kwa ghafla, tope na magogo pamoja, wakati juu ya kichwa chako jua linawaka. Msimu uliotangulia yalikuwa yamemchukua ng'ombe wa jirani, na jirani mwenyewe akaokolewa na mzizi alioushika.

Mama ndiye aliyegundua kwamba uoga wangu unaweza kupewa kazi. Nyumba yetu ilikuwa juu kwenye mgongo wa kilima, milima inaonekana yote, na hakuna mtu wala mnyama aliyesikia ngurumo mapema kuliko mimi. Akanipa sufuria kuukuu na mwiko, akaniambia kwamba tumbo likianza kukaza nisiende chini ya kitanda, nitoke nje nipige. Leo najua kwamba kusimama uwanjani na sufuria wakati wa radi si akili nyingi, lakini wakati huo hakuna aliyetuambia, na mimi nilikuwa natetemeka kiasi kwamba mwiko ulijipiga wenyewe.

Nilipiga kila nilipoogopa, yaani mara nyingi. Mama alitoka mtoni kila mara. Alipanda ukingo na mtungi uliojaa nusu, akaangalia juu, akangoja, na mara nyingi hakuna kilichokuja isipokuwa upepo. Akirudi, zamu imekwenda. Jioni zile tulioga kwa kitambaa kibichi na muthokoi ulikuwa mgumu kwa kubaniwa maji. Shangazi Ndunge, dada yake baba, ambaye ulimi wake haukujua likizo, hakuwa akitoka. Alikaa kwenye shimo lake na kuwaambia wengine kwamba mtoto huyu hata mbuzi akipiga chafya atasema ni radi. Wakacheka. Mimi niliwasikia kutoka juu, maana masikio hayachagui.

Siku moja baada ya kupoteza zamu tena, mama hakwenda nyuma ya foleni. Alisimama katikati ya mchanga. Hakupaza sauti, nami nilikuwa nimeshuka kumletea kamba ya punda, nikasikia.

"Kila nikitoka mnanirudisha nyuma," alisema. "Haya. Siku maji yakija kweli, nani kati yenu atatoka?"

Shangazi akamwuliza kama anataka foleni ipangwe na sufuria. Mama akajibu kwamba ndiyo, hasa. Wakabishana mpaka mashimo yakajaa bila mtu wa kuchota, na mwishowe wakakubaliana hivi: sufuria ikilia, kila mmoja aache kata yake kando ya shimo kwa mpangilio wa zamu, apande ukingo, na akirudi aikute nafasi yake pale kata ilipo. Atakayechota wakati wenzake wako juu ndiye atakayekwenda nyuma.

Wiki ile ile milima ikawa nyeusi. Nilipiga sufuria mpaka mwiko ukavunjika. Kutoka uwanjani niliwaona wakipanda bila haraka, wakilalamika, na shangazi wa mwisho kabisa, akigeuka kila hatua kuangalia kata yake. Alipofika juu alinitazama kwa macho ya kusema nitakuonyesha. Kisha tukasikia mlio ambao haukutoka angani. Maji yalikunja kona, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mti mzima, na foleni yote ya kata ikaenda zake mto Athi.

Shangazi akakaa chini, akafunga leso upya.

"Mama Mumbua," akasema, "sasa zamu yangu iko wapi?"

Walicheka wakilia. Mimi nilikuwa nimeshafika chini ya kitanda.

Siku hizi naishi Mumbuni, kwenye nyumba ambayo sioni sababu ya kutoka. Mambo yamekuwa mazuri. Tahadhari ya mvua inaingia kwenye simu hata kabla ya harufu, na anayeituma haogopi chochote, wala hatetemeki. Nikiipata nachomoa televisheni, nafunika kioo, wajukuu wananicheka, halafu nampigia mwanangu Muthama, anayekata mawe chini kabisa ya timbo upande wa Mlolongo, ambako maji hukimbilia mvua ikinyesha juu. Juzi nilimpigia hivyo hivyo. Alikuwa ameupata ujumbe, wote walikuwa wameupata.

"Lakini hapa ni kweupe, mama," akasema. "Na tukitoka shimoni, lori letu la kupakia mawe linapewa kikundi kingine."

Nilidhani kilichokuwa kinakosekana zamani ni simu.

Sikumweleza habari za kata. Nilimwambia anipe msimamizi wake. Akacheka, akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu, nikamwambia aibu haijawahi kumchukua mtu kama maji. Nikasikia nyundo, minong'ono, mtu akiuliza ni nani, kisha sauti nzito ya mwanamume nisiyemjua.

"Haya mama, nakusikiliza."

Tumbo lilikuwa limekaza. Nikaanza na kata zilizopangwa mchangani.