Betri ndogo, madaftari kumi na moja na majuto ya fundi kompyuta

Saa tatu na nusu asubuhi, mteja wa kwanza anaingia akiwa amevimba kwa hasira. Ni mwenye duka la vitambaa, mwanamume wa makamo, na kompyuta yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

“Fundi, hii mashine itanitia wazimu. Kila nikitaka kuapdeti inaniambia haiwezi kuunganisha, angalia mtandao wako, jaribu tena. Nimejaribu tena mpaka kidole kimeota sugu. Bando nimenunua mara mbili!”

“Subiri kidogo,” anasema fundi.

Hamuulizi habari za bando. Anaiwasha mashine, anainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo, anatazama pembeni kule chini inakoandikwa tarehe. Kisha anacheka.

“Baba, binti yako yuko darasa la ngapi?”

“Yuko sekondari, kidato cha tatu.”

“Basi mashine yako bado inampeleka darasa la kwanza. Iko miaka tisa nyuma.”

Anamweleza mteja wake taratibu. Programu inapotaka kujisasisha, hupiga hodi kwa mwenyewe aliyeitengeneza, naye hujibu kwa kuonyesha kitambulisho chenye tarehe. Kompyuta ikilinganisha tarehe hiyo na saa yake, inaona kitambulisho cha mwaka ambao haujafika. Inadhani ni tapeli, inafunga mlango. Wewe mwenye mashine unaambiwa tu kwamba mtandao una hitilafu.

“Mtandao unasingiziwa mengi,” anasema huku akifungua skrubu.

Anachomoa betri bapa yenye ukubwa wa kitufe cha koti. Hiyo ndiyo huiwezesha kompyuta kukumbuka tarehe hata umeme ukikatika, nayo imekufa zamani. Anaweka mpya, anarekebisha saa, anabonyeza. Mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye kioo. Mwenye duka anautazama, kisha anaomba radhi kwa kelele zake.

Wateja humwita fundi huyu Mama Subiri. Hana mtoto wa jina hilo. Ni yale maneno yake mawili, ambayo hata wenye haraka ya kukimbiza mwizi huambiwa. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na minane amefanya kazi katika chumba hiki cha hatua tano kwa nne, chenye feni inayokohoa, mswaki wa kusafishia vumbi na kopo la maziwa lililojaa skrubu. Kwa siku hupata mashine nne, zikizidi saba. Nusu ya kipato huliwa na kodi ya chumba.

Nyingi ya mashine hizo zina ugonjwa mmoja: zimegoma kujisasisha. Kuna iliyojaa mpaka haina pa kuweka kitu kipya, na kuna ambayo kinga ya virusi imekuwa kali kupita kiasi hata inamzuia mgeni mwema mlangoni. Nyingine shida yake ni modemu tu, kile kifaa cha kuleta intaneti, inayohitaji kuzimwa na kuwashwa. Yote hayo anayajua kwa vidole.

Ukutani, juu ya meza, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MTEJA, USITUPE MADAFTARI YAKO.

Mwandishi wa makala haya alipouliza maana yake, Mama Subiri aliweka bisibisi chini. Alingoja kwanza mwenye duka aondoke.

“Hiyo nimejiandikia mwenyewe,” alisema. “Wateja wanaisoma tu.”

Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa mkunga. Ndiye aliyempokea duniani, na baba alipofariki ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu na kumlipia chuo cha ufundi. Kwa miaka thelathini na moja alizalisha wanawake na kuwaandika katika madaftari kumi na moja yenye majalada ya plastiki: jina la mama, siku, saa, uzito, na neno moja au mawili ya kwake. Alilia kwa nguvu. Alitanguliza miguu. Mvua ilinyesha.

Watu walirudi kwake hata baada ya miaka ishirini, wakitaka ushahidi wa siku waliyozaliwa ili wapate vitambulisho. Karatasi zilipoanza kuliwa na mchwa, mpwa mtu akamletea kompyuta iliyotumika na kumfundisha kuandika. Bibi yule alichapa kwa vidole viwili miezi kumi na minne, watoto elfu moja mia tisa na wanne. Alipochapa wa mwisho alipika chakula kizuri, wakala wawili wakicheka.

“Nikamwambia, shangazi, madaftari ya nini tena? Yanaleta mende tu. Kila kitu kimo humu. Tukayachoma uani. Kiberiti niliwasha mimi.”

Mwaka uliofuata ujumbe ulianza kumsumbua mzee wa watu. Imeshindwa kuunganisha. Jaribu tena. Alimwita mpwa wake, naye akaenda akiwa ameacha wateja watatu wakimngoja kibarazani. Alizima modemu, akaiwasha. Akajaribu mtandao wa simu yake. Ujumbe ukabaki palepale. Simu za wateja zikawa haziishi.

“Wenzangu wote nawaambia wasubiri. Siku ile mimi mwenyewe sikusubiri. Niliingia kwenye mipangilio nikazima masasisho yote. Ujumbe ukanyamaza. Shangazi akanipigia makofi.”

Miaka miwili baadaye jirani aliomba kuchapa barua kwa shangazi, akachomeka flashi yake kwenye kompyuta ile. Ilikuwa na kirusi cha aina ile inayofunga mafaili kwa kufuli na kudai fidia. Tundu kililopitia lilikuwa limeshazibwa katika sasisho la bure, lililotolewa mwaka mzima kabla, ambalo mashine ile haikupata kulipokea. Nakala ilikuwepo, kwenye flashi iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, nayo ikafungwa pamoja na mafaili mengine.

Mama Subiri alipoifungua mashine ndipo alipoona tarehe: miaka kumi na mmoja nyuma. Betri ilikuwa imekufa. Bei yake ni ya soda moja.

“Nililia juu ya ile betri kuliko nilivyomlilia baba,” alisema. “Siogopi kusema.”

Hilo ni jambo la miaka minne iliyopita. Diski ya shangazi ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye droo. Kila baada ya miezi mitatu huitoa na kuijaribu kwa programu mpya za kufungulia, zile zinazotolewa na wataalamu bila malipo. Mpaka leo hakuna iliyofua dafu. Mwaka jana kijana mmoja alinyimwa kitambulisho kwa kukosa uthibitisho wa kuzaliwa. Alikuja dukani kuuliza kwa adabu, akarudi mikono mitupu.

Na shangazi?

“Shikamoo naitoa, marahaba inakuja. Basi. Hanialiki ndani. Nimekwenda na mkoba wangu wa kazi mara tisa, nikamwambia nikuwekee mashine nyingine, bora zaidi. Ananiambia asante mwanangu, nenda salama.”

Mwandishi alikwenda kumwona mkunga huyo, ambaye sasa ana miaka sabini na minane. Anaishi chumba kimoja kisafi, umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Mezani palikuwa na daftari jipya. Anaandika upya kwa kalamu, kwa kukumbuka, na akina mama wanaopita humsaidia. Amefika mia mbili na kumi na wawili. Macho yamepungua nguvu, na mistari inapanda na kushuka.

Alipoulizwa kama bado ana hasira na mpwa wake, alivua miwani.

“Hasira ya nini? Aliwasha kiberiti, lakini madaftari nilimpa mimi, tena kwa mkono wangu. Mimi ni mtu mzima, ningeweza kukataa.”

Mbona basi hamkaribishi ndani?

“Anakuja na ule mkoba. Hata hajamaliza kunisalimu anataka kutengeneza. Nani kamwambia nataka kutengenezewa? Mimi nataka mtu wa kukaa.”

Alifungua ukurasa wa kwanza na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mtoto wa kaka. Wa kike. Saa nane mchana. Alichelewa kulia.

“Huyo ndiye nilianza naye,” alisema. Kisha akainua uso kutazama saa ya ukutani, iliyosimama saa kumi na dakika ishirini. “Ukimwona mwambie ile saa haitembei. Kama ana betri.”

Mama Subiri aliposimuliwa hayo siku iliyofuata, alikuwa katikati ya mashine ya mtu. Alifuta mikono kwenye gauni, akafungua droo, akaitazama diski iliyofungwa kwenye kitambaa, akaifunga tena droo. Mkoba wake wa kazi alikuwa ameutundika nyuma ya mlango, na akasema utabaki hapohapo.

Mpango wake ni kufunga duka mapema kila Jumatano na Ijumaa, aende akakae. Shangazi ataje, yeye aandike, kwa kalamu, katika madaftari mawili yanayofanana, moja libaki huko na jingine alitunze yeye. Anajua wale elfu moja na mia saba hivi waliobaki hawatarudi wote. Huenda wasirudi hata nusu.

“Ile saa,” alimuuliza mwandishi, “inatumia betri nene au nyembamba?”

Mwandishi hakuwa ameangalia.

“Haya,” alisema. “Nitabeba zote mbili.”