Yai la Direkteri

Naikumbuka siku moja kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na mume wangu asinisikie. Umekuja kuniuliza uwafanyie nini watoto wa darasa lako kule Nundu siku ya sikukuu ya sayansi. Kaa basi, nikupe habari ya yai.

Nilikuwa mwalimu mgeni hapa Baraka, darasa la tano, bado niko kwenye majaribio. Mkaguzi wa shule angekuja siku hiyo ya sayansi, na neno lake ndilo lingeamua kama nabaki na watoto wangu au narudi Lubondja kulima mihogo ya baba. Kulima si aibu. Lakini nilikwisha kuwapenda wale watoto.

Direkteri wetu, mkuu wa shule, alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Alileta yai moja kutoka kwake, tuwaonyeshe wageni kwamba kwenye maji matupu linazama, na ukitia chumvi ya kutosha linaelea. Siku ya kwanza tulilitia kwenye beseni la maji, likazama, watoto wakafurahi. Angeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Akataka mazoezi. Akiinua mkono, darasa lote: "Limezama!" Akiushusha: "Limeelea!" Beseni akaliondoa, eti maji yanachafua sakafu. Yai akalifungia kwenye kabati la ofisi, chini ya mabati ya moto, maana yai likiachwa wazi shuleni huota miguu. Mwezi mzima tukaimba bila maji. Nilinung'unika, ila kimoyomoyo. Mwalimu mgeni atasema nini?

Siku ikafika. Mkaguzi, mzee wa Fizi mwenye fimbo, akaketi mbele. Wazazi wakajaa madirishani. Nikalishusha yai polepole kwenye maji matupu. Likaenda chini kidogo, likafikiri, likapanda juu na kutulia pale kama bata. Direkteri akainua mkono, na darasa lote likaitikia kwa sauti moja: "Limezama!"

Macho hayana pazia, mwanangu. Wazazi waliliona, mkaguzi aliliona. Direkteri akanikonyeza nitie chumvi haraka, mambo yapite. Nikaliona jembe la baba linaniita. Hata hivyo chumvi nikaiweka chini.

"Batoto, muache kuimba. Munaona nini?"

Furaha, binti mdogo wa benchi la nyuma, akasimama. "Madamu, iko inaelea."

"Na mbona mulisema imezama?" mkaguzi akamuuliza.

"Ile ya kusema, walitufundisha. Ile ya kuona, hawakutuuliza."

Wazazi wakaangua kicheko. Direkteri akatoa kitambaa, akajifuta jasho. Lakini watoto walikuwa wamefunguka sasa. Mmoja akasema labda maji yana chumvi, tukaonja, hayana. Mwingine akasema basi ni yai lenyewe limegeuka, limejaa hewa ndani, tulipasue tuone.

"Madamu, usipasue," direkteri akasema taratibu. Nadhani alikwisha kulikumbuka lile kabati.

Nikapasua. La kuvunda halina ubani: wazazi waliondoka madirishani bila kuagana, na mkaguzi akatangulia mlangoni, fimbo yake ikabaki.

Somo tukalimalizia uani. Mama mmoja akatuletea yai la asubuhi ile. Likazama, tukatia chumvi, tukakoroga, likaelea, wala hakuna aliyeimba. Kila mtoto alikuwa anamsukuma mwenzake achungulie mwenyewe. Mkaguzi akamgeukia direkteri, hana hasira.

"Leo batoto wamesema uongo mbele ya bazazi wao, na ni sisi tuliwafundisha. Huyu madamu abaki. Na wewe, ukipata yai, ukule."

Basi, mwanangu, sikukuu yako isiwe kwaya. Wape beseni, wape jiwe, dagaa mkavu wa ndagala, ganda la muhogo, kizibo cha chupa. Wakisie kwanza, kisha watazame, kisha wabishane. Jambo likienda kombo mbele ya wakubwa, usilifunike. Waulize watoto wanaona nini. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto aliyezoea kuitikia asichokiona, ukubwani ataitikia cha yeyote anayeinua mkono.

Nenda, Mungu akupe watoto wenye maswali mengi kuliko majibu yako, na mkaguzi anayejua kucheka. Na yai, tafadhali, ulinunue asubuhi ile ile.